Ukitaka kujua uchumi wa Korea Kaskazini anza na daftari la jirani

Nilisoma China, mkoa wa Liaoning, na likizo moja ya Januari mimi na wenzangu wawili tukapanda treni mpaka Dandong, mji ulio mpakani kabisa na Korea Kaskazini, katikati ni mto Yalu tu. Usiku tulisimama ukingoni, baridi inakata masikio, upande wetu mahoteli na taa za kila rangi, upande wa pili Sinuiju, mji mkubwa kabisa ule, taa za kuhesabu. Asubuhi malori yakaanza kuvuka daraja na mimi nikabaki najiuliza yamebeba nini na nani ameandika. Risechi yangu ya chuo ikaishia kuwa hiyo hiyo, na mpaka leo nafuatilia. Watu wananiuliza sana unajuaje mambo ya nchi isiyosema kitu, basi naandika hapa nilivyojifunza.

Pyongyang, yaani serikali ya Korea Kaskazini, iliacha kutoa takwimu kamili tangu miaka ya 1960. Bajeti inasomwa bungeni kila mwaka lakini wanataja asilimia tupu, mapato yameongezeka kwa asilimia kadhaa, asilimia ya shilingi ngapi hawasemi. Usipoteze miezi hapo kama nilivyopoteza mimi. Biashara siku zote ina watu wawili, muuzaji akificha daftari lake mnunuzi bado analo la kwake, na kwa Korea Kaskazini mnunuzi na muuzaji mkubwa ni China, zaidi ya asilimia 90 ya biashara yao ya nje inayoonekana. Forodha ya China inatoa takwimu kila mwezi, bidhaa kwa bidhaa, kwa namba za HS, yaani namba za kimataifa za kupanga bidhaa, zile zile wanazotumia mawakala wa forodha bandarini Dar. Ukizipanga unaona kabisa nchi inavyopumua: 2019 biashara ya pande mbili ilikuwa kama dola bilioni 2.8, Januari 2020 wakafunga mpaka kwa ajili ya korona, 2021 ikabaki kama milioni 318, halafu 2023 imerudi karibu bilioni 2.3.

Ila jumla kuu haikuambii mengi, shuka mpaka kwenye bidhaa. Mfano ninaoupenda ni wigi na kope za bandia. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku makaa ya mawe yao, chuma, samaki, halafu nguo. Nywele hazikuguswa. Sasa fungua takwimu za 2023 uangalie namba 6704, wigi, ndevu na kope za bandia, utakuta China imenunua za kama dola milioni 167, ndiyo bidhaa yao kubwa kuliko zote mwaka ule. Halafu fungua 6703 upande wa kwenda, yaani nywele zilizoandaliwa, utaona China inawapelekea malighafi. Nywele zinaingia, wigi zinatoka, kwa hiyo kinachouzwa pale hasa ni mikono ya watu, siku nzima wanapanga unywele mmoja mmoja. Hakuna afisa yeyote aliyetangaza hilo, limekaa tu kwenye mistari miwili ya jedwali. Na dada unayenunua kope zimeandikwa zimetengenezwa China, inawezekana kabisa zilipita huko.

Sasa kosa langu, na lilinigharimu sura nzima ya risechi. Nilikuta nchi moja ya Afrika imeandika imenunua magari na mafriji kutoka Korea Kaskazini, ya mamilioni ya dola, nikaandika kurasa kumi na mbili kuhusu biashara ya siri. Mwalimu akaniuliza swali moja, hicho kiwanda cha magari kiko mji gani? Sikuwa na jibu. Kwenye takwimu herufi za Korea Kaskazini ni KP na za Korea Kusini ni KR, karani kakosea herufi moja na magari ya Seoul yamehamia Pyongyang. Hili lipo kwenye takwimu za nchi nyingi sana, kwa hiyo ukiona bidhaa ambayo nchi ile haiwezi kuitengeneza, nenda kwanza kaangalie Kusini mwaka huo imeuza nini kwa nchi iliyoandika.

Na sifuri nayo uiangalie vizuri. Kwa miaka tangu 2014 forodha ya China haionyeshi mafuta ghafi yakienda Korea Kaskazini, lakini bomba la mafuta linalotoka China liko pale pale na hakuna mtaalamu anayeamini limekauka.

Baada ya forodha nenda kwenye bei za sokoni. Vyombo vya habari kama Daily NK wa Seoul na Asiapress wa Japani vina watu ndani wanaovipa bei ya mchele na bei ya dola ya mtaani. Kwa miaka mingi kilo ya mchele ilizunguka won 5,000, won ndiyo hela yao, na dola won 8,000 hivi, wakati bei ya serikali ya dola ilikuwa kama won 100 tu, kwa hiyo ukikuta mtu kakokotoa mshahara kwa bei ya serikali funga hiyo ripoti. Lakini bei nayo inadanganya ukiitazama peke yake. Mpaka ulipofungwa 2020 mimi nilitegemea dola itapanda, ikashuka, tena sana, na kuna watu wakaandika won imeimarika. Haikuwa afya ile. Hakuna bidhaa inayoingia, mfanyabiashara dola ya nini? Wakati huo huo sukari na mafuta ya kula yalikuwa yanapaa. Ndiyo maana siandiki kitu kwa namba moja, nasubiri nyingine iliyopita njia tofauti kabisa, kidole kimoja hakivunji chawa.

Picha za setilaiti za taa za usiku zinasaidia kiasi, ila paneli ya sola juu ya nyumba haionekani usiku, na mwanga wa Dandong unamwagikia Sinuiju. Meli ni kazi ngumu zaidi, zinazima mitambo ya kujitambulisha na kubadili bendera, hata bendera ya Tanzania imewahi kutajwa kwenye ripoti za jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wanafuatilia vikwazo, na lile jopo lenyewe lilikufa 2024 baada ya kura ya turufu ya Urusi.

La mwisho naomba mnisikilize vizuri. Usimtafute mtu aliye ndani. Bei ile ya mchele unayoisoma umekaa na chai yako, kuna mtu amejificha karibu na mpaka na simu yenye laini ya China ili kuituma, akikamatwa ni jela au zaidi. Wale wanaowasiliana nao wamejifunza kwa miaka namna ya kuwalinda. Na ukifika Dandong usipige picha malori wala kituo cha forodha, hesabu kwa macho uandike ukirudi chumbani. Mimi hesabu yangu ya siku ile ilikuwa malori 43 kabla ya saa nne asubuhi, na karatasi ninayo mpaka leo.