Maswali na majibu: Boti ya plaiwudi uani kwako

Nimenunua plaiwudi Ngamiani, muuzaji anasema ni ya maji. Nitajuaje? (Msomaji, Chumbageni)

Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa kadhaa, kianike kikauke, kisha kichemshe tena. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya dari na makabati, irudishe. Zikishikana, bado hujamaliza: tazama ukingo wake. Ukiona mianya kati ya tabaka, maji yatatuama humo na boti itaoza kwa ndani huku rangi inang'aa. Na hili nitalisema mpaka mchoke: plaiwudi hunywa maji kwa kingo. Paka epoksi, ile gundi inayochanganywa na dawa yake ya kukaushia, kila ukingo na kila tundu la skrubu, mara mbili tatu, kabla ya kuunga. Boti nyingi ninazoletewa hapa Tanga uso wake mzima, lakini kingo zimelainika hadi kisu kinazama.

Boti ya futi 10 itanigharimu shilingi ngapi?

Swali hili tena! Hujasema upana, unene, wala kama utafunga mashine. Leta vipimo ndipo tuzungumze.

Viungio vinavuja. Fundi wa mashua huku Sahare anasema nikalafati kwa pamba, yaani niigongomee kwenye nyufa kuziziba. Ni sawa?

Fundi huyo anajua chombo chake. Mbao nene za mashua zikilowa huvimba, zikaibana pamba. Ndiyo siri ya kalafati. Plaiwudi haina mishono ya namna hiyo, na ukigongomea pamba unapanua ufa. Kwangua gundi iliyokufa, kausha kabisa, jaza epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, juu yake laza utepe wa faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo.

Nilizidisha dawa ya kukaushia epoksi, lakini bado inanata. Nisubiri?

Usisubiri, haitakauka. Ikwangue yote. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kifuatwe hivyo hivyo, mara ngapi nimesema? Changanya kidogo kidogo, asubuhi kabla jua halijawa kali, na uimimine kwenye sinia pana. Ikirundikana kwenye kikombe hujipasha yenyewe hadi itoe moshi. Vaa glavu. Ikishakauka ipake rangi, maana jua huila.

Itabeba watu wangapi?

Ipime kwa viroba vya mchanga, kwenye maji ya magoti, usiipime kwa wanao. Jenga masanduku ya hewa yaliyozibwa, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kisha ijaze maji pomoni uone kama inaelea nawe ukiwa ndani. Isipoelea, irudi uani. Chukua upo, chombo cha kuchotea maji yaliyoingia botini, na jaketi okozi kwa kila mtu, hata anayejua kuogelea. Kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, likivuma, usitoke nje ya ghuba.