Nimemulikwa tochi usiku sikusimama: je, nina kosa?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni dereva wa canter, napeleka ndizi na nyanya kutoka Taveta hadi soko la Kongowea. Juzi, yapata saa tisa usiku, nimeshapita Samburu naelekea Mariakani, watu wawili walinimulika tochi wakanipungia mkono nisimame. Mmoja alikuwa na jaketi la kuakisi mwanga juu ya nguo za kawaida, wa pili sikumwona vizuri. Gari la polisi sikuliona na kizuizi hakikuwapo. Sikusimama. Nilipofika Mariakani nikasimamishwa na polisi wenye sare, wakaniambia nimekaidi amri ya polisi, nikatozwa dhamana na kupewa tarehe ya korti. Utingo wangu anashikilia kwamba usiku dereva halazimiki kumsimamia mtu yeyote. Ni kweli? Na nikubali kosa nilipe faini yaishe?

JIBU: Ndugu yangu, utingo wako amekupa nusu ya sheria, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowatia watu matatani. Hakuna kifungu nchini Kenya kinachomruhusu dereva kupita kwa sababu tu ni usiku. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakitaji mchana wala usiku. Kinamtaka dereva atii maelekezo ya polisi mwenye sare aliye kazini, yawe ya mdomo au ya ishara, na asimame anapotakiwa na polisi huyo. Kifungu cha 105 nacho kinampa polisi mwenye sare uwezo wa kusimamisha gari lolote, liwe la kibinafsi, matatu au lori la makaa.

Zingatia kwamba hatakiwi kukushuku kwanza. Madereva wengi hufungua kioo na swali tayari mdomoni: "Afande, nimekosa nini mpaka unisimamishe?" Huenda hujakosa chochote. Wajibu wa kusimama unajitegemea. Leseni yako inaweza kuwa halali, bima mpya na mzigo sawasawa na mizani, lakini ukimpita afande aliyenyoosha mkono, kosa limezaliwa hapo hapo. Katika kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kutosimama unapotakiwa na polisi mwenye sare ni faini ya shilingi 5,000.

Sasa tuje kwenye neno ambalo nimelirudia makusudi: sare. Halikuwekwa kwa bahati mbaya. Bunge lilijua kwamba mtu yeyote anaweza kusimama kando ya barabara akapunga mkono, kwa hiyo likafunga wajibu wa dereva na kitu ambacho dereva anaweza kukiona kwa macho. Jaketi la kuakisi mwanga peke yake, kwa maoni yangu, si sare. Kila mwendesha bodaboda analo, na hata pale Kongowea unakoshusha mzigo huwezi kukosa la kununua. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, katika jedwali lake la sita, inamtaka polisi mwenye sare awe na kibandiko cha jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana. Saa tisa usiku huwezi kusoma jina la mtu kwa mwendo wa gari, hilo linaeleweka, lakini kofia, shati na mkanda vinaonekana mwanga wa gari lako unapomfikia.

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu watu wakisikia "bila sare si lazima" wanakanyaga mafuta. Polisi asiye na sare bado ni polisi, na anaweza kuwa katika operesheni halali kabisa. Sheria ya Trafiki haikulazimishi kumsimamia kama kwamba amevaa sare, lakini ukimtoroka kwa kasi unampa sababu ya kukushuku kwa jambo zito kuliko trafiki. Na wakati mwingine mambo huishia kwenye risasi.

Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, katika Kaunti ya Kajiado, mwanahabari wa Pakistani, Arshad Sharif, aliuawa kwa risasi ndani ya gari. Polisi walisema gari lilipita kizuizi bila kusimama, na kwamba walikuwa wakitafuta gari jingine lililoripotiwa kuibwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kwamba kupigwa risasi kule kulivunja sheria na haki yake ya kuishi, ikaamuru mjane wake alipwe fidia ya shilingi milioni 10. Jedwali lile lile la sita linataka silaha itumike pale tu njia nyingine zinaposhindikana na kwa sababu zinazotajwa, hasa kuokoa maisha. Dereva kupita kizuizi, bila jambo jingine, hakumo kwenye orodha hiyo. Lakini mteja wangu hata mmoja nisingemshauri apime jambo hilo akiwa kwenye usukani. Kizuizi ukikiona, hata kama ni mawe na mapipa, punguza mwendo mapema ukitarajia kusimama. Kukipita kizuizi cha polisi baada ya kupewa ishara ni kosa lenyewe, mbali na lile la kifungu cha 52.

Basi ufanye nini na watu wawili wenye tochi gizani? Punguza mwendo, usiuongeze. Washa taa zote mbili za ishara kwa pamoja ili anayekutazama ajue umemwona. Kama gari linakufuata, washa taa ya ndani. Endelea taratibu hadi kituo cha polisi, kituo cha mafuta chenye taa au mizani, na utingo apige 999 au 112 aseme mko wapi, nambari ya gari na mnakoelekea. Ukifika, simama mwenyewe na useme kilichotokea kabla hujaulizwa. Mtu anayefanya hivyo hatoroki polisi, anawaendea. Kortini tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo maana swali langu la kwanza kwako, ukija ofisini, litakuwa: pale Mariakani ulikuwa tayari umesimama ukitafuta askari wa kumweleza, au ulikuwa unapita na safari zako?

Na kwa wale wanaosimamishwa na polisi mwenye sare, amri ya kusimama si amri ya kukanyaga breki palepale. Canter kwenye kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde, na nyuma yako kuna trela. Washa indiketa ya kushoto, toka barabarani pole pole, simama hata kama umempita kidogo. Sijawahi kuona hakimu akimtia mtu hatiani kwa kusimama mahali salama. King'ora kikisikika nyuma yako, usianze kujiuliza kama wanakutaka wewe au wanataka njia. Ukisogea kushoto na kupunguza mwendo utakuwa umetimiza yote mawili.

Ukishasimama, leseni huitoa unapoulizwa. Kutoibeba ni faini ya shilingi 1,000 katika kanuni hizo hizo. Kuna imani iliyoenea, hasa kwa wenye magari ya kibinafsi, kwamba polisi haruhusiwi kabisa kuingia ndani ya gari. Someni kifungu cha 105: anaruhusiwa kuingia, na hata kuliendesha au kuamuru liendeshwe, ili kuhakikisha Sheria ya Trafiki inafuatwa. Kupekua mifuko na masanduku yako ni suala jingine, hilo linahitaji shaka yenye msingi. Nako kunyakua ufunguo kupitia dirishani huku injini inanguruma, sioni kifungu kinachokubariki, ila kung'ang'ania ufunguo naye barabarani ni upuuzi. Andika jina au nambari yake, saa na mahali, utalalamika baadaye.

Askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, si polisi. Vifungu nilivyotaja haviwahusu, na ndiyo maana mara nyingi utawaona wamefuatana na polisi mmoja.

Kuhusu "chai", sitasema mengi kwa sababu unajua. Sheria ya Hongo ya 2016 haitofautishi mtoaji na mpokeaji: kifungo cha hadi miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Linganisha na ile 5,000. Fedha halali hulipwa kituoni kama dhamana au kortini kama faini, na kila moja ina stakabadhi. Yako ya dhamana itunze, bila hiyo kurudishiwa pesa ni safari ndefu.

Turudi kwenye kesi. Hapana, usikubali kosa kwa sababu umechoka. Ukikubali, hakuna atakayeuliza habari za sare wala tochi; hakimu ataandika hatia na kutoa adhabu. Kwa maelezo uliyonipa, una utetezi wa kweli. Ukisomewa mashtaka, jibu ni "si kweli". Kisha omba upande wa mashtaka ukupe maelezo ya mashahidi na ushahidi watakaoutumia. Hiyo ni haki yako chini ya Ibara ya 50 ya Katiba, wala si hisani ya karani. Kiswahili kikikufaa zaidi, sema, utatafsiriwa bila malipo.

Soma shtaka lenyewe kwa makini. Likitaja kutosimama kwa polisi mwenye sare, basi sare ni sehemu ya kosa na ni wao wanaopaswa kuithibitisha. Waliokukamata Mariakani hawawezi kuisemea, hawakuwapo kule gizani. Wanaweza kusema walipigiwa simu tu. Shahidi anayehitajika ni mwenye tochi. Akija, mwulize kwa upole: ulivaa nini usiku ule? Juu ya nini? Tochi uliielekeza wapi, kwenye nguo zako au kwenye macho yangu? Gari lenu lilikuwa wapi? Mlitumwa na kituo gani, na je, kitabu cha OB, lile daftari la matukio la kituo cha polisi, kinaonyesha mmepangiwa eneo lile? Asipokuja, mwambie hakimu hivyo hivyo. Utingo wako naye awe shahidi, ila aseme alichokiona, ile sheria yake ya usiku aiache nyumbani.

Ushindi sikuahidi. Wale wawili wakifika na kuapa kwamba walivaa sare kamili chini ya jaketi, na hakimu akawaamini, utalipa faini na pengine ukalaumu ushauri wangu. Kwa hiyo andika leo, kabla hujasahau: saa uliyopita Samburu, umbali uliowaona, taa ulizowasha, maneno uliyoambiwa Mariakani na aliyeyasema. Kama ulipiga simu yoyote usiku ule, hata kwa tajiri wako, usifute rekodi yake kwenye simu. Tarehe ya korti usiikose, kwa sababu ukikosa dhamana itapotea na hati ya kukukamata itatolewa, na hapo hata ukiwa na haki kiasi gani utaanza kujieleza ukiwa seli.