Dada, kuhusu hayo ya watoto kugeuzwa jinsia Marekani na bima kulipa

Dada, umeuliza kwenye grupu la familia kama ni kweli huku mtoto anageuzwa jinsia hospitali mzazi hajui na bima inalipa, na kama uchukue ile kazi ya unesi Minnesota au uje kwangu Texas. Nakujibu waziwazi.

Hakuna sheria moja ya Marekani nzima, kila jimbo na lake. Huku Texas tangu Septemba 2023 kuna sheria inaitwa SB 14, daktari haruhusiwi kumpa aliye chini ya miaka 18 dawa za kuzuia balehe wala homoni wala kumpasua kwa ajili ya kubadili jinsia, hata mzazi akikubali, akikiuka leseni inaondoka. Minnesota ni kinyume, mwaka huohuo gavana Tim Walz alisaini sheria ya kuzilinda familia zinazoenda kutibiwa kule, lakini hata kule mtoto haanzishiwi homoni kimyakimya, kwa kawaida mzazi lazima asaini. Na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha sheria ya jimbo la Tennessee ya kukataza matibabu hayo kwa watoto isimame, majaji 6 kwa 3, kwa hiyo mgawanyiko huu upo sana tu.

Mimi nakaa dirisha la bima kwenye kliniki. Kuna mama alikuja na binti wa miaka 7 kaanza kuota matiti, daktari kamwandikia sindano ya kusimamisha balehe, dawa ni zilezile sheria inazokataza kwa kubadili jinsia, mama kashika faili mikono inatetemeka ananiuliza kwa sauti ya chini kama atakamatwa. Nikamwonyesha, sheria yenyewe inaruhusu kwa mtoto anayebalehe kabla ya umri wake. Aliteseka bure jamani, kisa klipu kama hizo mnazorushiana. Na zipo familia zenye watoto wanaotaka kubadili jinsia zimehama Texas kabisa, wameacha kazi na nyumba, ni wazazi kama wewe, msiwatukane.

Sasa bima. Sheria kuruhusu haimaanishi bima inalipa. Makampuni mengi makubwa yanalipia matibabu ya wafanyakazi kwa hela zao wenyewe, kampuni ya bima inashughulikia makaratasi tu, na mpango wa hivyo uko chini ya sheria ya shirikisho, sheria ya bima ya jimbo haiugusi. Ndio maana majirani wawili hapohapo Minneapolis, mji wa Minnesota, mmoja analipiwa mwingine anaambiwa hapana. Kwa Texas angalia kadi ya bima, ukiona herufi TDI au DOI ujue jimbo ndio linaisimamia.

Kwa hiyo hilo lisikuchagulie jimbo. Kabla hujasaini waombe HR, yaani ofisi ya wafanyakazi, kitabu cha mpango wa bima, soma ukurasa wa visivyolipiwa, halafu uliza kwa mwaka utatoa dola ngapi mfukoni bima ndio ianze kulipa, na uzazi unalipiwaje maana najua mnapanga mtoto wa pili. Wakikutumia nirushie, nitakusomea mstari kwa mstari.