Bodi Iliyofaulu Mezani Isikuhadae

Kundi la kwanza la bodi za saketi za umeme nililosimamia lilikuwa la mashine za kufulia nguo. Tulizipima zote bila kuruka hata moja. Taa ziliwaka, relei zililia, mota ilizunguka, tukafunga maboksi. Baada ya miezi michache zikaanza kurudi mojamoja, nyingi zikiwa na doa jeusi la kuungua mahali palepale, karibu na ukingo.

Wiki nzima nilisingizia umeme wa kupanda na kushuka. Mwishowe tukachukua bodi ambayo haijaungua, tukamwagia epoksi, gundi inayokauka kuwa ngumu, sehemu ile, ikakauka, tukaisugua kwa msasa laini hadi tumbo la kapasita ya seramiki, kipuri kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, likaonekana. Chini ya hadubini palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, umeanzia pale lehemu inapoishia na kupanda juu kwa mshazari. Kwa nje kapasita ilikuwa nzima kabisa, na mita ilisoma vizuri.

Ufa ule tuliuweka sisi wenyewe. Bodi hutoka zikiwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, zimetenganishwa na mifereji yenye umbo la V, nasi tulikuwa tunazivunja kwa mikono juu ya ukingo wa meza. Bodi hupinda kidogo kabla ya kuachia. Seramiki ni ngumu, lakini haijui kupinda. Ikishapasuka inaweza kufanya kazi siku nyingi, mpaka unyevu uingie kwenye ufa, umeme uanze kuvuja ndani kwa ndani, joto lipande, kisha moto. Kwa hiyo kapasita za seramiki ziweke mbali na mfereji, angalau milimita 5, na ulazo wake uende sambamba na mfereji, usiuelekee. Na tafuta kikata chenye magurudumu. Tulipofanya hayo matatu, doa jeusi halikurudi tena.

Unyevu ndio adui wa pili, na huyu ana subira. Fluksi, yaani dawa inayosaidia lehemu kushika, ile inayoitwa ya kutosafishwa watu huielewa vibaya. Haina madhara ikiwa imepata joto lote la tanuri la kuyeyushia lehemu. Fundi anayerekebisha kiungo kimoja kwa mkono humwaga fluksi ya majimaji kwa wingi, pasi ikapasha pale kwenye ncha tu, nyingine ikabaki mbichi chini ya vipuri. Mvuke ukiingia hapo, metali huyeyuka kwenye njia moja ya umeme, yaani mstari wa shaba wa bodi, ikashika kwenye njia ya jirani na kuota kuirudia ile ya kwanza, kama mizizi, hadi njia mbili zigusane. Volti 5 zinatosha kuiotesha. Mpe fundi fluksi kidogo, na aoshe alipogusa. Wengine hukimbilia kupaka varnishi ya kinga juu ya uchafu uleule. Hapo umeufungia ndani pamoja na unyevu wake.

Kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti ndogo unaoguswa na vidole vya mtumiaji, usibane nafasi hata kama boksi ni dogo. Kiwango cha IEC 60335-1 ndicho kinachosimamia usalama wa vifaa vya nyumbani, na umbali unaotakiwa hutegemea volti, aina ya bodi na uchafu unaotarajiwa. Soma jedwali mwenyewe. Mimi huanza na milimita 8, na mahali pakibana naomba kiwanda kitoboe mwanya katikati. Hili silifanyii mazungumzo na mtu yeyote, kwa sababu mtoto ndiye atakayebonyeza kile kitufe.

Joto nalo lina hesabu yake. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa maikromita 35. Ukitaka kupitisha ampea 10 za hita bila kupasha njia zaidi ya nyuzi 10 hivi, upana ukaribie milimita 7. Kapasita za elektroliti huongezewa maisha takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 unazopunguza, kwa hiyo iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 hufika kama saa 8,000 kwa nyuzi 85. Isogeze mbali na rezista ya moto. Na mwambie mnunuzi wako kwamba kapasita mbili zenye volti sawa na ujazo sawa si lazima ziwe sawa. Aangalie hizo saa kabla ya kubadilisha ili kuokoa senti.

Lehemu ya kupaka, ile iliyo kama uji mzito, ikitoka kwenye friji, iache saa kadhaa ikiwa imefungwa ndipo uifungue, la sivyo itavuta maji ya hewani na kurusha vipira vidogo kwenye tanuri.

Siku hizi kabla ya kutia saini nachukua bodi tano zilizotenganishwa na zamu ya usiku, wakati mikono imechoka. Nne nazifunga ndani ya mashine yenyewe, nafua kwa maji ya moto mfululizo, nazima ipoe, nawasha tena, siku kadhaa. Ya tano naimwagia epoksi na kuichukua hadi kwenye hadubini.