Chuma na shaba shambani: mmea huanza kukata wapi?

Majani yakigeuka njano, wengi hukimbilia urea. Kabla ya kufungua mfuko, angalia ni majani gani. Nitrojeni ikipungua, njano huanzia chini, kwa sababu mmea huihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machanga. Chuma hakihami kirahisi hivyo: kikikosekana, jani jipya huchipuka likiwa njano, mishipa yake tu ndiyo hubaki kijani. Upungufu wa shaba ni msiri zaidi. Ngano inaweza kupendeza macho hadi siku ya kupura, kumbe masuke ni matupu.

Tofauti hiyo kati ya chuma na shaba hutokana na protini ambazo mmea huamua kuzitoa kafara. Fotosistemu I, mtambo mmojawapo wa usanisinuru, hubeba atomi 12 za chuma, hivyo ni miongoni mwa vya kwanza kupunguzwa. Kimeng'enya kimoja cha kutengenezea klorofili nacho kinahitaji chuma, ndiyo maana rangi hupotea mapema. Wakati huo huo mizizi ya maharage, nyanya au karanga huzidisha protini tatu: pampu inayomwaga tindikali nje, FRO2 inayokigeuza chuma kiwe katika hali inayoweza kufyonzwa, na IRT1 inayokiingiza ndani. IRT1 haichagui sana. Hupitisha pia zinki, manganizi na hata kadimi, metali yenye sumu. Mahindi na ngano hutumia njia nyingine: hutoa kemikali inayokamata chuma kwenye udongo, kisha mzizi huvivuta vyote viwili pamoja.

Kwenye udongo wa mawe ya matumbawe, kama ule wa baadhi ya sehemu za Unguja na Pemba, pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali hupungua) huweza kupita 8 na chokaa humeza tindikali hiyo yote. Kumwaga salfeti ya chuma ardhini hapo ni kutupa pesa, hugeuka kutu. Tumia mbolea ya salfeti ya amonia badala ya CAN, ambayo nusu ya nitrojeni yake ni naitreti, kwa sababu mzizi unaofyonza amonia hutoa tindikali kando yake, ilhali naitreti hufanya kinyume. Kuchanganya karanga na mahindi pia husaidia: utafiti uliofanywa China kwenye udongo wa chokaa ulionyesha karanga zikinufaika na chuma kinachokamatwa na mizizi ya mahindi. Ukinunua chuma cha keleti, yaani kilichofungwa ndani ya kemikali inayokizuia kugeuka kutu, soma aina ya kemikali hiyo. EDTA hulegea pH ikipita takriban 6.5, DTPA takriban 7.5, EDDHA ndiyo huhimili udongo wa matumbawe.

Usiamini sana kipimo cha jumla cha chuma kwenye jani. Vumbi hukipandisha, na jani la njano linaweza kuwa na chuma kingi kilicholala bila kazi. Jaribio rahisi hushinda: yeyusha gramu 5 za salfeti ya chuma kwenye lita moja ya maji, kamulia limau matone machache, paka nusu moja tu ya jani changa jioni. Baada ya siku tano hadi saba, nusu hiyo ikiwa kijani na nyingine njano, umepata jibu. Kipimo hicho hicho, yaani gramu 100 kwa bomba la lita 20, hutosha kupulizia. Rudia kila siku 7 hadi 10, maana majani yatakayochipuka baadaye hayatafaidika na dawa ya leo. Chembe za salfeti unayonunua ziwe za kijani hafifu. Zikiwa za hudhurungi, zimekwisha kuharibika.

Sasa shaba. Protini iitwayo SPL7 huhisi uhaba wake, kisha huzidisha vipande vidogo vya RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni), miR398 kikiwa kimojawapo, vinavyokatakata maagizo ya kutengeneza protini nyingine za shaba. Kimeng'enya cha shaba na zinki kinachozima sumu za oksijeni hupunguzwa, na chenzake cha chuma hushika nafasi. Shaba iliyookolewa hupelekwa kwenye plastosianini, protini ya usanisinuru ambayo mmea wa nchi kavu hauna mbadala wake. Lakasi, vimeng'enya vingine vya shaba, nazo hukatwa, na hizo husaidia kutengeneza lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu. Bila lignini shina hulegea na vifuko vya chavua havipasuki. Jani limelindwa, mbegu imelipa.

Udongo wa majivu ya volkano kwenye Bonde la Ufa, Kenya, una historia ya tatizo hili kwa ngano. Samadi nyingi na chokaa huzidisha, kwa sababu shaba hushikwa. Weka mrututu (salfeti ya shaba) kilo 10 hadi 20 kwa hekta ardhini. Hudumu miaka mingi. Kwa kupulizia, gramu 20 za mrututu na gramu 20 za chokaa iliyozimwa kwa lita 20, kabla suke halijachomoza. Bila chokaa utaunguza majani. Changanya kwenye ndoo ya plastiki: kwenye bati, shaba huganda ukutani na bati huliwa.

Mashamba makuukuu ya kahawa yaliyopuliziwa dawa za shaba kwa miongo dhidi ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani yana kinyume cha uhaba. Hapo shaba iliyozidi huzuia chuma, na maharage yatakuwa njano kama yale ya udongo wa matumbawe. Usiongeze mrututu, pima udongo kwanza.