Neno linalouma

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Nakuru. Katika barua yako umeniuliza maana ya mordant, neno ambalo mhariri wako huko Kisumu aliliandika pembeni mwa makala yako kuhusu taka za sokoni, nawe hukujua kama amekusifu au amekutukana.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini mordere, kuuma kwa meno, ambacho kwa Wafaransa kilikuwa mordre, na mordant ikawa sifa ya kitu kinachouma. Waingereza walilichukua kwao katika karne ya 15, na leo hulitumia hasa kwa ulimi na kalamu. Remorse, yaani majuto, limetoka kwenye kitenzi hichohicho, na maana yake ya awali ni kuumwa tena. Nasi mwenye kujuta twasema anajiuma vidole, kwa hiyo meno yapo pande zote mbili.

Usilichanganye na sarcasm, lililotokana na sarkazein la Kigiriki, kurarua nyama kama afanyavyo mbwa. Ukitafuta tafsiri ya Kiswahili, kijembe chetu hakitoshi, kwani ni wembe mdogo: kinachanja, na aliyechanjwa pengine hung'amua akishafika nyumbani. Neno "kali" nalo ni pana mno, maana kisu, siki, jua na mbwa vyote ni vikali. Mimi ningesema tu "maandishi yanayouma".

Hata hivyo, mordant uliiona ukiwa mdogo, nilipokuwa nikitia rangi sufu ya kondoo wa Molo kwa maganda ya vitunguu. Uzi niliouchemsha kwanza kwa shabu, ile chumvi ya madini inayofanana na jiwe jeupe, ulitoka na rangi ya dhahabu isiyotoka kwa kufuliwa, ilhali ule usiotiwa shabu ulififia upesi. Na nilipotumbukiza misumari yenye kutu, sufuria nzima iligeuka kahawia yenye ukijani, ukalia. Shabu hiyo ndiyo mordant ya watia rangi, kwa kuwa wazee wa kazi hiyo walidhani inauuma uzi ili rangi ipate pa kuingilia. Kumbe madini yaliyomo hujifunga kwenye uzi na kwenye rangi kwa pamoja.

Basi mhariri amekusifu. Ila ile sentensi kuhusu mama muuza omena na leso yake chafu haiumi, inararua, na si yeye aliyeacha kuzoa taka. Iondoe kabla makala haijachapishwa.

Mama yako