Bei Hupangwa Mlangoni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema wenzako kazini huko Leicester bado wanabishana juu ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya, nawe umewaambia utamuuliza mama yako wa soko la Gikomba: nchi ikijitoa kwenye kundi kubwa, nguvu yake ya kujadiliana biashara huongezeka au hupungua?

Umenichekesha. Pia umenikumbusha makoti.

Makoti unayajua. Lile la kijani ulilivaa mpaka mikono ikakuishia kwenye viwiko. Usichokijua ni jinsi yalivyoingia nyumbani.

Mwaka 1998 tulikuwa wanawake saba kwenye chama, tunanunua marobota ya nguo za watoto kwa pamoja. Tukiingia kwa yule mwagizaji wa mitumba, alikuwa anasimama. Kweli kabisa, anasimama, anamtuma kijana chai, na robota likifunguliwa likiwa bovu anabadilisha bila maneno mengi. Mimi nikaanza kuchoka. Kila jambo lazima tukubaliane sote. Mama Halima akitaka suruali, sote tunangoja suruali. Kuna wiki tulikosa mzigo kwa sababu mmoja tu hakuipenda bei. Nikasema, kwani mimi sina mdomo? Marehemu baba yako akajibu, "Mdomo unao." Akanyamaza hapo hapo, unajua alivyokuwa.

Nikaenda peke yangu. Yule bwana hakusimama. Nilikaa kwenye benchi pale mlangoni karibu saa nzima, natazama vijana wakipakia mikokoteni. Bei aliyonitajia ilikuwa juu ya ile ya chama, na nikailipa, maana nilikuwa nimeshawatangazia wateja kwamba Jumamosi nina mzigo mpya. Nilipozikata zile kamba nikatafuta kamera, nguo za juu ambazo watu huzigombania asubuhi. Nne tu. Zilizobaki ni makoti mazito ya baridi, mengine yana ukungu. Fagia tupu, yaani nguo za daraja la mwisho. Niliporudi kulalamika akaniuliza, "Kwani mama, wenzako wako wapi?"

Bei haipangwi mezani, mwanangu, hupangwa mlangoni. Muuzaji huhesabu vichwa kabla hujafungua mkoba.

Sasa hao Waingereza. Walipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya hawakuweza kusaini mkataba wa ushuru kivyao. Tume ya Umoja huo kule Brussels ndiyo iliyowajadilia wote. Walipotoka tarehe 31 Januari 2020, waliziacha nchi wenzao 27 na soko la watu kama milioni 450, wao wakabaki na milioni 67 hivi. Hivyo ndivyo vichwa. Wakaenda kwa Australia, na wakajipa tarehe: makubaliano yawe tayari kabla ya mkutano wa G7, lile kundi la nchi saba tajiri, wa Juni 2021. Novemba 2022 George Eustice, aliyekuwa waziri wao wa kilimo wakati wa mazungumzo, akasimama bungeni akakiri kwamba mkataba ule haukuwa mzuri sana kwa Uingereza, kwamba walitoa mengi mno wakapata kidogo. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikaniishia. Nao walikuwa wametangaza mzigo wa Jumamosi.

Lakini ngoja, nisiwaonee. Kundi nalo linachosha. Oktoba 2016 jimbo moja la Ubelgiji, Wallonia, liliukwamisha mkataba wa Ulaya nzima na Kanada. Ndiye Mama Halima na suruali zake. Na mwaka 2025 Marekani ilipowapandishia watu ushuru, bidhaa nyingi za Uingereza ziliwekewa asilimia 10, za Umoja wa Ulaya 15. Mmoja alipita pale kundi lilipobanwa, siwezi kukataa. Ingawa kwa hesabu zake yenyewe Marekani huwauzia Waingereza bidhaa nyingi kuliko inazonunua kwao, kwa hiyo hakukuwa na kinyongo kikubwa. Unaona? Kila nikishika upande mmoja, ule mwingine unanivuta nguo.

Na sisi je? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijadiliana na Ulaya kwa pamoja. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikasaini, Tanzania ikagoma, na moja ya sababu zake ilikuwa hiyo hiyo Brexit. Wenzetu wako kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, bidhaa zao zinaingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Sisi hatumo kwenye orodha hiyo. Basi Desemba 2020 Kenya ikasaini na Uingereza huko London, wenzetu wa Jumuiya hawamo, wiki tatu tu kabla ya kipindi cha mpito cha Waingereza kutoka Ulaya kwisha na maua yetu kuanza kutozwa ushuru. Mmoja ametoka chamani, mwingine amewaacha wenzake nyuma, wote wawili wanatazama saa. Hapo nani alihesabu vichwa vya nani? Nimelifikiria hilo tangu jana nikipanga nguo kibandani.

Najua unataka neno moja uwapelekee hao wenzako, na ulimi unaniwasha. Sikupi. Wewe ndiye unayenunua maziwa huko, si mimi. Lakini bei hupangwa mlangoni, hilo waambie limetoka kwangu.

Mimi nilirudi chamani baada ya miezi minane. Walinipokea kwa sharti: miezi mitatu nisiguse kamera, nichague wa mwisho. Nikakubali. Mama Halima alisogeza kikapu chake nipate pa kukaa, hakuniuliza kitu, na mpaka leo sijui kama alinionea huruma au alikuwa anahesabu vichwa.

Mama yako